Tangi la Stesheni Masta

Stesheni Masta alikuwa na ugonjwa wa kusema kweli. Ukimuuliza habari za asubuhi hakukujibu nzuri kama watu wengine, alikueleza. Kama goti la kushoto lilikuwa limekaza, alisema limekaza, akaongeza kwamba na la kulia linajiandaa. Kwa hiyo sisi majirani tulimpa shikamoo tukiwa tunatembea, na marahaba yake tuliipokea tukiwa tumeshampita.

Naandika habari zake nikiwa na wasiwasi, afadhali nikiri mapema. Mimi ni fundi wa marumaru, na hata huo ufundi hakuna aliyenifundisha. Niliupata kwenye simu, kwa kutazama video za mafundi wa nchi za mbali wakisema maneno nisiyoyaelewa, mimi nimekaa juu ya ndoo nyuma ya nyumba ya mama yangu hapa Kilosa, nikifuata mikono yao. Kuandika nako nimejifunza vivyo hivyo, kwa kutazama wenzangu wanavyofanya. Mimi ni mtu ambaye nikimaliza sakafu ya choo cha gesti, hurudi kesho yake kwa kisingizio kwamba nimesahau mwiko, ili tu nikatazame kama mistari bado imenyooka. Kama humu ndani kuna mstari uliopinda, naomba anayeuona asiniambie mbele za watu.

Alikozaliwa na ukoo wake sivisemi kwa sababu sivijui. Nilimuuliza siku moja, akasema abiria mwenye akili haulizi treni imeundwa wapi, anauliza inafika saa ngapi.

Suala la saa ngapi lilikuwa dini yake ya pili, baada ya Anglikana. Alishastaafu zamani, lakini koti la kazi alilivaa hata siku za joto, limebaki kifungo cha juu tu, na hicho alikifunga. Treni ya abiria ya reli ya zamani ilipochelewa, alitembea mpaka stesheni, akapita dirisha kwa dirisha akiwaomba radhi abiria. Wao walidhani anauza kitu. Wengine walimuuliza bei. Basi alianza upya, kwa sauti ya ofisini, kueleza kwamba hana mamlaka yoyote, kwamba kuchelewa huku si kosa lake, na kwamba hata hivyo anasikitika. Nilimshuhudia mama mmoja akimpa ndizi ili anyamaze.

Ilipokuja treni ya umeme inayopita ndani ya milima yetu, tulidhani sasa moyo wake utatulia. Alipanda mara moja mpaka Morogoro, akarudi amenuna. Ilikuwa imefika kwa wakati. Alisema hajui mtu anatakiwa ajisikieje ndani ya chombo cha namna hiyo.

Maharage yake aliyapanda kwa kamba, mistari imenyooka kiasi kwamba nilikuwa napita kwenye shamba lake nikitaka kutulia roho. Lakini mtu huyohuyo, ukimpa kalamu na rula, aliirudisha rula. Alisema udongo unyooke kwa sababu ni wa jembe. Kitu cha kutazamwa kikinyooka, jicho linapita moja kwa moja na kuondoka. Mambo hayo mawili aliyaamini kwa pamoja na hakuona tabu yoyote. Mimi niliona tabu kwa niaba yake.

Nyuma ya nyumba yake, kando ya kipande cha reli kisichotumika, kulikuwa na mfuniko wa chuma, na chini ya mfuniko kulikuwa na tangi. Enzi za treni za mvuke lilihifadhi maji ya injini. Mvuke ulipokwisha, maji yakakauka, ikabaki chumba kikubwa cha zege chini ya ardhi, chenye ngazi na giza. Aliyelijenga Stesheni Masta hakumjua, na alipoulizwa alisema hamjui.

Picha ilianza baada ya mafuriko. Mto Mkondoa ulipoingia mjini nilikuwa mtoto, nimebebwa mgongoni, kwa hiyo ninachokumbuka ni shingo ya mama. Maji yalipoondoka yaliacha matope, na ndani ya matope kulikuwa na vyombo vya mji mzima vimevunjika: sahani, vikombe, mabirika, mabakuli ya harusi. Watu walivitupa. Stesheni Masta alipita na toroli akiviokota. Aliviosha, akavipanga kwa rangi kwenye makopo ya rangi matupu, akateremka navyo tangini, na akaanza kuvibandika ukutani kwa saruji nyeupe, kipande baada ya kipande. Alipokwisha kuanza, hakuacha.

Ukitaka kuona ilibidi uje adhuhuri, jua likiwa juu. Aliegemeza kioo cha kabati kwenye mdomo wa tangi, akakigeuza taratibu mpaka mwanga ukaanguka chini, na ukuta ukaamka. Aliyekuja alasiri aliambiwa amechelewa, arudi kesho. Mwenyekiti wetu wa kitongoji aliwahi kurudishwa hivyo pamoja na wageni wake, na alilichukulia kama jambo la kisiasa.

Nilichokiona mara ya kwanza ni bluu. Bluu ya vikombe, ya mabirika, ya maua yaliyochorwa kwenye ukingo wa sahani, imeanzia sakafuni ikapanda mpaka kifuani kwangu, pande zote nne, inazunguka kama kitu kinachopumua. Juu ya bluu kuna mapaa. Kuna mbuzi juu ya paa. Kuna kitanda kinaelea, na baiskeli imening'inia kwenye waya. Na juu kabisa, kwenye tuta la reli, kuna watu wamekaa wamepangana mmoja baada ya mwingine kama abiria wanaongoja, na kila uso ni kipande kimoja tu cha sahani nyeupe, bila macho wala mdomo. Hakuna mstari ulionyooka hata mmoja. Nilitafuta. Nilitoka nje nikatapika, na kwa muda mrefu nilimdanganya kila mtu kwamba ni kwa sababu ya hewa ya chini. Ilikuwa wivu.

Alikuwa na sheria kuhusu vipande. Habari za ukuta zilipoenea, watu walianza kumletea vyombo vilivyovunjika majumbani mwao, kutoka hata gulio la Ulaya, kijiji cha njia ya Mikumi, na wengine kutoka Rudewa wakiwa na mabaki ya vyombo vya kambi za mkonge. Yeye aliuliza swali moja tu: "Kilivunjika au kilivunjwa?" Kama kilivunjika, alipokea kwa mikono miwili. Kama kilivunjwa, alikirudisha. Jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye tamaa ya kuonekana ukutani, aliipiga sahani nzima chini mbele ya mlango wake mwenyewe, akaja nayo. Stesheni Masta alivitazama vipande, akasema hivi vimeogopa. Akamrudishia. Mwanamke yule hakumsalimia kwa miezi, na alipoanza kumsalimia tena alikuwa na kikombe kilichoanguka chenyewe.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu: kubandika kipande, hata kimoja, hata nyuma ya ngazi. Nilimwomba nikiwa bado najifunza, nikamwomba tena nilipoanza kupata kazi za vyoo kule Mikumi, kwenye zile gesti za kando ya barabara kuu ambako malori ya Iringa hulala. Nilimwonyesha picha za sakafu zangu kwenye simu. Alizitazama moja moja, kwa heshima, akiisogeza simu mbali na macho.

"Ni nzuri sana, mjukuu wangu," alisema. "Zimekaa kama askari. Ndiyo maana sikuruhusu."

"Nitajitahidi kupindisha, babu."

"Hapo ndipo utakapokosea. Mimi sipindishi."

Nilienda nyumbani nikayafikiria maneno hayo mpaka nikaharibu chakula.

Sasa nieleze ubaya wa kusema kweli. Kila mgeni aliyeshuka tangini aliuliza nani kafanya kazi hii, na Stesheni Masta alijibu kila mgeni kwamba ni yeye. Hakuna aliyeamini. Walimwona mzee amevaa koti lenye kifungo kimoja, ameketi juu ya ndoo, wakatabasamu. Mchungaji mmoja mgeni alimpigapiga begani. Watalii waliokuwa wakipita kwenda mbugani Mikumi walimwuliza tena, polepole, wakidhani hakusikia. Baadaye kijana fulani akapiga picha, akaiweka mtandaoni na kuandika kwamba Kilosa kuna handaki la ajabu lisilojulikana lilijengwa na nani. Mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake wakati anaandika.

Kutoka hapo mambo yalikwenda yenyewe. Mtandaoni kukazuka watu waliojua. Wa kwanza alisema ni Waarabu. Wa pili alisema ni watu wa kale waliokuja kabla ya sisi sote. Wa tatu alisema ni Mjerumani, na hapo mjadala ukafungwa, maana kwetu kitu kikiwa chini ya ardhi na kina zege, ni cha Mjerumani, na kama ni cha Mjerumani, kuna mali. Ile bluu ikawa mto. Mapaa yakawa milima. Zile nyuso nyeupe juu ya tuta zikawa alama za mahali masanduku yalipozikwa.

Kilichoniuma si watu wa mtandaoni. Kilichoniuma ni sisi. Mji mzima ulikuwa na vyombo vyake ukutani, kila mtu alijua kipande chake kiko wapi, na bado wazee wakaanza kukumbuka. Mmoja alikumbuka babu yake alivyobebeshwa sanduku zito. Mwingine alikumbuka Mjerumani mwenye ndevu akiomba maji. Mama yangu, ambaye birika lake ndilo shavu zima la wimbi upande wa mashariki, naye akaanza kukumbuka.

Nilimwambia, "Mama, lile ni birika lako."

"Ni langu, nani kakataa?" alisema, akiendelea kuchambua mchele. "Nakuuliza, chini ya birika kuna nini?"

Hapo ndipo alipoingia Mkandarasi. Nilimfahamu kabla ya hapo, na kumfahamu kwenyewe kulikuwa bahati yangu. Alikuwa anajenga loji Mikumi, ameona vyoo vyangu kwenye gesti moja, akapiga magoti mwenyewe kutazama mistari. Aliniambia nikae tayari, mapokezi yote ya loji atanipa mimi. Sikulijua hilo lingine: kwamba mchana anajenga na siku za mapumziko anatafuta mali ya Mjerumani, ameizungukia kuanzia Lumuma mpaka Iringa, na hajawahi kupata kitu zaidi ya jembe.

Alikuja na kipimo, mashine ya fimbo ndefu yenye sahani chini. Kipimo kilipiga kelele mahali popote kilipoelekezwa, maana tangi lote limefumwa nondo. Yeye alichukua kelele zile kama wingi wa mali. Alimkuta Stesheni Masta juu ya ndoo yake, akamwamkia vizuri, akamwomba asimfiche.

"Ramani hii aliichora nani, mzee?"

"Mimi."

"Lini?"

"Nilianza baada ya mafuriko."

Mkandarasi alimgeukia mwenyekiti wa kitongoji, akasema walinzi wa mali wote huanza hivyo. Stesheni Masta akachukua kipande kwenye kopo, akampa akitazame. Mkandarasi akakishika kidogo, akakirudisha bila kukigeuza.

Mwenyekiti alitoa ruhusa. Ilikubaliwa kwamba wataanza kuvunja sakafu Jumamosi, wakikosa watavunja kuta, na kitongoji kitapata fungu lake. Mkutano uliitishwa na watu wakapiga makofi. Stesheni Masta alisimama akasema kweli yake tena, kuanzia toroli mpaka saruji, kwa utulivu, kama anayesoma somo kanisani. Walimsikiliza wote, kwa sababu ni mzee. Kisha wakaendelea na ajenda.

Siku mbili kabla ya Jumamosi alinitumia salamu kwamba nije na vifaa vyangu vyote.

Nitakiri nilichokifikiria njiani. Sikufikiria tangi. Nilifikiria: amekubali, nitabandika kipande, hata kama kitaishi siku mbili. Nilibeba pimamaji ya kupimia unyoofu, miko, mashine ya kukatia, kamba, hata vile vijisalaba vya plastiki vya kutenganisha marumaru. Alinikuta nimevipanga chini kama mtu anayetaka kufanya upasuaji. Akanionyesha kona iliyo chini ya ngazi, mahali pa kwanza mtu anapopaona akishuka, ambapo ukuta ulikuwa bado mtupu.

"Hapo ni pako," alisema. "Nataka kazi mbaya."

Nilidhani sikusikia. Akarudia. Alitaka masalio ya marumaru za vyoo nilizonazo nyumbani, zile za maua ya kijani na za kahawia zinazofanana na mbao, zibandikwe hapo ovyo, kila moja na mwelekeo wake, saruji imwagike mpaka juu ya ile bluu.

"Mimi nikisema kweli hawaoni," alisema. "Wakishuka wakakuta choo cha gesti, wataona. Hakuna mtu anayevunja choo cha gesti kutafuta dhahabu."

Nilimwambia sijui kufanya kazi mbaya. Nilikuwa karibu kulia na sikuona aibu. Akasema nijaribu. Nikabandika safu ya kwanza, nikarudi nyuma, ilikuwa imenyooka. Mikono ilikuwa imefanya peke yake. Akaikagua, akatikisa kichwa, akasukuma marumaru moja kwa fimbo saruji ikiwa mbichi.

"Mbona bado nzuri?"

Safu ya pili nilijilazimisha. Ikapinda, lakini ikapinda kwa mpango, kila marumaru ikiinama sawasawa na mwenzake, kama watu wanaosali. Stesheni Masta alicheka mpaka akashika ngazi. Kisha akachukua pimamaji yangu, akaiweka juu ya ndoo, akaikalia.

"Endelea," akasema.

Nilifanya kona nzima nikitazama kwingine. Tulipomaliza, ilikuwa ni kitu ambacho hata leo nikikifikiria mwili unanisisimka: maua ya kijani yamelala ubavu, mbao za uongo zinapanda juu, saruji imetiririka juu ya wimbi kama uji. Yeye aliitazama kwa muda mrefu. Sijui kama ilimuuma. Nilimuuliza, na kwa kuwa ni yeye, alijibu kwamba inamuuma sana.

Jumamosi Mkandarasi alishuka wa kwanza, nyuma yake vijana wenye sululu, nyuma yao mwenyekiti. Kioo kilikuwa tayari mdomoni, mwanga umeanguka palepale konani. Mimi nilikuwa chini na mwiko mkononi, kama tulivyopanga. Kazi yangu ilikuwa kuwapo tu. Stesheni Masta alikuwa aongee.

Mkandarasi aliitazama kona, akaipitisha kidole, akanitazama mimi.

"Nani kafanya uchafu huu?"

Nilijua anachokiona. Alikuwa anaona mapokezi ya loji yake.

"Mimi," nikasema.

"Wewe wa vile vyoo?"

"Mimi."

"Na huko kwingine?" Akaonyesha ukuta, bluu yote, mapaa, tuta la reli. "Huko nani?"

Nilimwona Stesheni Masta akifungua mdomo. Nilijua atasema nini, na nilijua hawatamwamini, na vijana walikuwa wameshashika sululu.

"Na huko ni mimi."

Mkandarasi akaniuliza nimebandikia nini, nikamwambia saruji nyeupe na mchanga uliochekechwa mara mbili. Akauliza vipande nimevipata wapi, nikasema kwa akina mama, baada ya mafuriko, na mwenyekiti akasahau msimamo wa kitongoji, akasema kweli, hata kwake lilichukuliwa bakuli. Nikachukua kipande kwenye kopo, kilekile alichowahi kupewa, nikakigeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo ya kiwandani yanayosema kwamba sahani hii inaweza kuingia kwenye maikrowevu. Mkandarasi akayasoma kwa sauti.

"Mjerumani hakuwa na maikrowevu," alisema mwenyekiti, kwa huzuni ya kweli.

Kwa umri wangu, mafuriko yalinikuta mgongoni kwa mama. Hakuna aliyepiga hesabu hiyo. Mtu mwenye mwiko anaaminika haraka. Mkandarasi alizunguka tangi zima mara moja, mikono mgongoni, sasa akikagua kama mtaalamu. Alisema huku mwanzo nilijitahidi, kuna mahali pana vionjo, lakini nilipokaribia mwisho nimekata tamaa, na fundi hupimwa kwa mwisho. Kuhusu mapokezi ya loji alisema nisijisumbue. Kisha akamgeukia Stesheni Masta, akamlaumu kama mzazi.

"Mzee, umemwachia mtoto aharibu tangi lote hili?"

"Nilimpa hiyo kona tu," alisema Stesheni Masta.

Ilikuwa kweli tupu, na kama kawaida ilipita bila kusikiwa.

Walipoondoka nilitaka kuibomoa kona ile saa hiyohiyo, saruji ikiwa bado inakubali. Alinizuia. Alisema mlinzi hafukuzwi siku ya kwanza kazini. Basi imebaki, na kila anayeshuka anaiona kabla ya kitu kingine chochote. Wako wanaonihurumia. Wako wanaosema afadhali ningeishia katikati.

Na mimi, kwa vile nimeamua kusema yote, niseme na hili: kuna siku napita sokoni, mtu ananinyooshea kidole na kumwambia mwenzake kwamba yule ndiye aliyefanya tangi, na mwili wangu wote unafurahi kabla kichwa hakijafika. Kichwa kikifika, nimeshatabasamu.

Mwaka huu binti yake alikuja kumchukua aende kuishi naye Dodoma. Macho yalikuwa yamefifia, anatofautisha mwanga na giza na vitu vikubwa. Nilitoka Mikumi kwa basi la asubuhi ili nimuwahi. Nilimkuta amekaa nje amefunga kifungo chake, mizigo imefungwa, gari la binti yake halijafika. Baada ya shikamoo akaniambia limechelewa, akaniomba radhi kwa niaba yake, kisha akasema kama sina haraka nimshushe tangini.

Nilimshusha ngazi kwa ngazi, nimemshika kiuno. Kioo nilikiweka mimi, na nilichukua muda kukipata pembe, yeye akielekeza kutoka chini kwa kuusikia mwanga usoni. Alipapasa ukuta wa mashariki kwa kiganja, polepole, wimbi zima, akafika kwenye birika la mama akasimama, akaendelea. Alipofika kwenye kona yangu aliipapasa nayo, yote, hakuruka marumaru hata moja. Nilisimama nyuma yake nimekunja vidole.

Nilimwambia nataka kusema kweli. Nilikuwa nimeiandaa hotuba ndani ya basi tangu kijiji cha Ulaya, nimeirudia mpaka ikanyooka. Nilisema akienda Dodoma sitaki tangi libaki na jina langu, nitaweka kibao pale juu, nitamwambia kila mtu.

"Halafu wachimbe?" aliuliza.



Juu tukasikia hodi. Walikuwa kijana na msichana, wanatoka Morogoro kwenda kuona wanyama Mikumi, wameona picha mtandaoni wakaamua kuzunguka huku. Walishuka wakicheka, wakaiona kona wakacheka zaidi, kisha wakainua macho wakanyamaza. Msichana alishika mdomo. Alizunguka ukuta mzima akiwa ameshika mdomo, akafika kwa Stesheni Masta, ambaye alikuwa ameketi juu ya ndoo katikati ya mwanga, akampa shikamoo na kumuuliza nani amefanya kazi hii.

Nilivuta pumzi. Nilitaka kuitoa ile kweli, naapa nilitaka.

"Ni huyu hapa," Stesheni Masta alisema, akaelekeza mkono mahali ambapo sauti yangu ilikuwa mara ya mwisho.

Akawaeleza. Aliwaeleza jinsi nilivyopita na toroli baada ya mafuriko watu wakinicheka. Jinsi nilivyoviosha vipande mtoni na kuvipanga kwenye makopo. Aliwaambia kuhusu sahani iliyovunjwa kwa makusudi, na maneno niliyomwambia yule mwanamke. Aliwaambia kwa nini nyuso za tuta hazina macho, jambo ambalo mimi sikulijua, ambalo niliwahi kumuuliza mara nyingi na hakunijibu: kwamba siku ile watu walikuwa wamekaa wanatazama maji, na mtu anayetazama maji ya namna ile hana uso. Alisema niliwaza hilo kwa muda mrefu. Alisema nilikuwa nimesimama mwisho wa mstari, kwenye tuta, nimevaa koti. Sauti yake ilikuwa ileile ya dirisha la treni, haikutikisika popote, na wale vijana walikuwa wakiniangalia mimi huku wakimsikiliza yeye, wanaitikia kwa vichwa, wanaamini kila neno.

"Na hapa je?" kijana aliuliza, ameelekeza kona.

"Hapo alikuwa amechoka," alisema Stesheni Masta. "Lakini msimseme, ni binadamu."

Msichana aliniomba nisimame ukutani wanipige picha. Nikasimama mbele ya tuta la reli, sijui mikono niiweke wapi. Akaitazama simu, akairudisha chini, akainama kwa adabu.

"Babu, samahani. Naomba usogee kidogo, unaingia kwenye picha."

Stesheni Masta alinyanyuka, akashika ndoo yake kwa mpini, akapapasa njia mpaka chini ya ngazi ambako mwanga haukufika, akakaa. Kutoka huko gizani akaniambia nisimame wima.

Nikasimama wima.